Mkia wa Mtamba wa Mama

Nilikata mkia wa ng'ombe wa mahari. Ngoja niseme vizuri, maana kuna watu hapa Bariadi wanaoeneza mpaka leo kwamba nilikata mkia wenyewe, nyama na mfupa, kama mchinjaji. Waongo. Nilikata singa tu, zile nywele ndefu za mwishoni, kwa mkasi wa mama wa kushonea, na ng'ombe mwenyewe hakugeuza hata shingo. Aliendelea kucheua. Kati ya wote walioguswa na jambo hili, ni yeye peke yake ambaye presha haikumpanda.

Na nilimkata kwa sababu ya neno moja la Kihispania.

Mtaani kwetu kuna kibanda umiza, chumba cha mabati ambamo watu hubanana kutazama mpira. Mwenye kibanda aliunga-unga dishi lake mpaka likanasa chaneli ambayo mtangazaji anaongea Kihispania tupu. Picha safi, maneno hakuna anayeyajua. Nikamwambia, "Bosi, mimi Kihispania nakijua. Nimefundishwa na Sista." Sista ni mtawa mzee wa Kihispania, muuguzi wa zahanati ya parokia, na kweli alikuwa amenifundisha. Maneno matatu. Alinifundisha akinisafisha kidonda cha mguu nilichojitia kwa jembe: tulia, usilie, na mwongo.

Kwa maneno hayo matatu nikawa mkalimani, naingia bure, nakaa benchi la mbele.

"Anasemaje?" watu wanauliza.

"Anasema huyu beki kwao ana ng'ombe wengi, ndiyo maana hana haraka ya kukimbia."

"Na kipa?"

"Kipa amekula michembe mingi ya viazi vitamu, tumbo limemjaa gesi."

Kibanda kizima kinacheka, na mtangazaji wa watu anaendelea kuhangaika huko kwao bila kujua kazi ninayomfanyia.

Siku moja baada ya mechi wakaonyesha msimamo wa ligi. Mtangazaji akawa anazungumzia timu za chini kabisa, na kila akizitaja anasema cola, cola, cola. Watu wakanigeukia. Nikasema hizo timu zimefungwa sana, kwa hiyo zitapewa soda kama kifuta jasho. Mzee mmoja mkulima wa pamba akanung'unika nyuma, "Basi na sisi bei ikianguka watupe soda." Tukacheka, yakaisha. Ila neno lile liliniganda. Kesho yake nilipoenda kubadilishiwa bandeji nikamuuliza Sista.

Sista alicheka mpaka akaweka sinia la dawa chini. Akanivuta dirishani, akanionyesha mbuzi wa jirani aliyekuwa anakula maua ya parokia.

"Ile pale nyuma yake. Mkia! Hiyo ndiyo cola."

"Sawa, Sista."

"Na wale pia," akasema, akionyesha kina mama waliojipanga na watoto mgongoni wakisubiri kliniki. "Foleni. Nayo cola." Kisha akafungua droo, akatoa kichupa cha gundi anachogandishia lebo za dawa. "Na hii hapa. Cola."

"Sista, huko kwenu maneno yaliwaishia?"

"Na nyinyi je? Kichwa cha mtu, kichwa cha habari, kichwa cha treni. Mna vichwa vingapi?"

Nikaanza kuvihesabu kwa vidole. Nikakumbuka zile timu. Kumbe mtangazaji alikuwa anasema ziko mkiani, na hata sisi tunasema hivyohivyo, fulani anashika mkia. Mimi mwenyewe nimeushika mkia wa hesabu tangu kidato cha kwanza, na sijawahi kuuachia wala kumpa mtu mwingine zamu.

"Kuna maana nyingine bado," Sista akasema huku akifunga bandeji. "Hiyo sikufundishi. Itakuja yenyewe. Wewe niletee sentensi moja yenye hizi tatu: mkia, foleni, gundi. Mwisho Jumapili."

Mtu mwenye akili angekaa chini akaandika. Mimi nikaona sentensi ya kuandika ni ya watu wasio na mikono. Ya kwangu ningeitengeneza: mkia halisi, wenye gundi halisi, kwenye foleni halisi. Foleni ninayo, ya makande shuleni. Gundi ipo dukani, ile ya kitube kidogo inayokamata kabla hujamaliza kusema "jamani". Uliobaki ni mkia.

Hapo naomba nieleweke. Nilijua kabisa kwamba kaka yangu anaoa. Kaka ni dereva wa bodaboda, na alikuwa amemchumbia binti mmoja wa Sapiwi kwa muda mrefu hadi godoro alilonunua la ndoa lilikuwa limeanza kuzeeka ndani ya nailoni yake. Lilisimama ukutani chumbani kwake, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuliegemea. Wakwe walikuwa waje Jumamosi kukagua ng'ombe wa mahari, na kwetu ukaguzi huo ndio ndoa yenyewe. Wakikataa ng'ombe wako wamekukataa wewe, na habari inafika sokoni kabla yako. Ila mimi nilijua ng'ombe hao wako Bukundi, kwa baba mdogo, wanakolishwa. Pale nyumbani palikuwa na maksai wawili wa kulimia, ambao wana teke la kupindua mtu, ng'ombe mmoja wa maziwa mwenye roho ya askari, na mtamba wa mama. Mtamba yule, ambaye hajazaa bado, ni mweusi, singa zake nyeupe, mpole kuliko mimi na kaka tukiunganishwa. Bibi yake alinunuliwa na mama kwa pamba ya shamba lake mwenyewe. Nikamchagua huyo kwa sababu sikutaka kupigwa teke. Chap, nikamaliza.

Nilichokuwa sijui ni kwamba jana yake jioni mama aliwaambia baba na kaka kwamba mtamba wake naye ataingia kwenye mahari. Alisema anataka wakwe wajue bwana harusi ana mama. Mimi wakati huo nilikuwa kibandani, natafsiri.

Basi, Alhamisi shuleni. Mwalimu wa zamu alikuwa mwalimu wetu wa nidhamu, mtu wa Kaunda suti ya kijivu, anayeamini kwamba taifa lolote lilianguka pale watu walipoanza kuruka foleni. Siku hiyo aliingia mwenyewe kwenye foleni ya makande ili atuonyeshe mfano. Akasimama mbele yangu. Mbele yangu kabisa! Akashika kiuno, akaanza kuhutubia walio mbele kuhusu kusimama wima. Koti kwa nyuma limebenuka hapo kama limeomba. Nikapaka gundi, nikagusisha, nikarudisha mkono mfukoni.

Alivuka uwanja mzima na mkia. Alimsalimia mkuu wa shule akiwa na mkia. Alipogeuka kuwakemea wa kidato cha pili, mkia ulichelewa kidogo ndipo ukamfuata. Shule nzima iliuma midomo kama watu wanaokaribia kupasuka, mpaka mpishi alipopiga kelele, "Mwalimu, umetoka kucheza ngoma wapi?"

Yaliyofuata sina haja ya kuyaeleza. Niseme tu kwamba vipindi vya mchana nilivisikiliza nikiwa nimesimama. Gundi ilikataa kuachia, ikabidi mwalimu aukate mkia pamoja na kipande cha koti. Akauinua mbele yangu, singa nyeupe zikining'inia kwenye kiraka cha kijivu.

"Hiki ni kielelezo," akasema. "Kesho tunafunga shule. Tukifungua, uje na mzazi."

Nyumbani sikusema kitu. Na hakuna aliyegundua, kwa sababu nilijitolea kumnywesha maji na kumlisha mtamba mwenyewe. Mama alishangaa, akamwambia baba kwamba anaona nimeanza kukua.

Jumamosi wakwe wakafika. Aliyeongoza alikuwa baba mkubwa wa binti, mzee mrefu mwenye fimbo na macho ya mnunuzi. Pamoja naye alikuja bibi mzaa baba wa binti, mdogo wa mwili, aliyekuwa anacheka kabla hajaambiwa kitu. Vijana wawili walikuja kama mashahidi. Mhola? Mhola duhu. Salamu za Kisukuma zikaenda zikarudi, kuanzia watu mpaka mifugo mpaka mvua. Mama akatoa maziwa ya mgando na michembe. Kaka alinivuta nyuma ya nyumba.

"Leo ukifungua huo mdomo, nakuzika."

"Nifungue nini basi?"

"Fungua lango la zizi. Hilo tu."

Nikaenda langoni. Ng'ombe wa Bukundi walikuwa wameletwa usiku, wazuri, wamenenepa. Nikaondoa miti ya lango wakaanza kutoka mmoja mmoja kwa mstari. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Halafu nikaona katikati ya mstari weusi ninaoufahamu. Mtamba wa mama.

"Huyu anatafuta nini hapa?" nikamnong'oneza kaka.

"Ni zawadi ya mama. Nyamaza."

Yule mzee alikagua meno, pembe, kwato. Hakusifu hata mmoja. Alipofika kwa mtamba akasimama, akampapasa mgongo, akatikisa kichwa polepole. "Huyu sasa," akasema, "huyu amelelewa na mtu." Mama, aliyekuwa amekaa na wanawake pembeni ya ua wa minyaa, akatazama chini ili asionekane anatabasamu.

Ndipo nzi akatua.

Mtamba akainua mkia kumfukuza, na kilichoinuka ni kigutu, kama kamba ya katani iliyotafunwa na panya. Nzi hakusogea hata kidogo. Nadhani alidhani anasalimiwa.

Mzee akauchukua ule mkia mkononi.

"Singa ziko wapi?"

Baba yangu, ambaye kwa wiki huongea maneno ya kujaa kikombe, akasema, "Labda miiba."

"Mwiba gani unatembea na mkasi? Tazama, zimekatwa kwa mstari."

Bibi wa Sapiwi alisogea, akachungulia, akaguna. "Ng'ombe hana mkia," akasema, "lakini maneno yake yatakuwa na mkia mrefu."

"Kwetu," mzee akasema, sasa kwa sauti ya kila mtu kusikia, "ukinipa ng'ombe ukabaki na singa zake, umenipa ngozi. Uzazi wake umebaki kwako. Na wa binti yetu pia. Ng'ombe huyu ni wa nani?"

Kaka alikuwa anatazama godoro lake, ingawa lilikuwa ndani ya nyumba.

"Ni wangu," mama akasema.

Watu wakageuka, wakamtazama. Mimi nimewahi kucheka msibani, nimewahi kucheka dirishani watu wakifanya mtihani wa taifa, lakini kuna namna ya kumtazama mwanamke, ile ya kumtafuta mchawi, ambayo huku kwetu si mchezo. Ikianza haina breki. Niliiona inaanza, kwenye uso wa kijana mmoja shahidi, halafu wa mwenzake. Mama alikuwa bado ameshika bakuli la michembe.

"Nimekata mimi," nikasema.

Kaka akafumba macho.

"Kwa ajili ya nini?" mzee akauliza.

"Kihispania."

"Huyo ni mganga wa wapi?"

"Si mganga, mzee. Ni lugha. Kuna neno linaitwa cola. Ni mkia, ni foleni, na ni gundi, kwa hiyo nikachukua mkia, nikautia gundi, nikambandika mwalimu kwenye foleni." Niliposema kwa sauti ndipo nikasikia jinsi jambo lenyewe lilivyo. Ndani ya kichwa lilikuwa zuri sana.

Mzee alinitazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko fimbo. "Mtoto anamkinga mama yake," akawaambia wenzake. "Ni tabia njema. Ila hadithi hajui kutunga."

Yaani maisha yangu yote nimedanganya nikaaminiwa, na siku ninayosema kweli naambiwa sijui kutunga.

"Kama umesema kweli," bibi akaingilia, "mkia uko wapi?"

"Kwa mwalimu."

"Basi ulete. Tutasubiri. Michembe bado ipo."

Kaka akanipakia nyuma, tukaenda kwa mwalimu. Aliendesha pikipiki kama anaikimbia. Tulimkuta mwalimu nyuma ya nyumba yake, kwenye bukta na fulana, analisha kuku. Aliponiona akasimama wima, hata bila suti.

"Nilisema uje na mzazi."

"Mzazi yuko nyumbani, mwalimu. Wakwe wa kaka wameukuta mkia hauna singa. Wanamtazama mama."

"Wanamtazama vipi?"

"Vile."

Mwalimu akamwaga pumba zote kwa mkupuo, kuku wakafurahi. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa Kaunda suti ileile, na nyuma, juu kidogo ya makalio, palikuwa na dirisha la mraba. Kielelezo kilikuwa kwenye bahasha ya kaki. Tukapanda mshikaki, kaka mbele, mimi katikati, na mwalimu wa nidhamu, mtu wa sheria, wa tatu kwenye pikipiki ya wawili. Nikataka kumkumbusha sheria za barabarani. Nikakumbuka bahasha.

Alifika, akasalimia, akasimama mbele ya ng'ombe kama yuko gwaride.

"Wazee wangu, mimi ni mwalimu wa kijana huyu, Mungu anisaidie. Kielelezo ni hiki." Akautoa mkia. "Na mahali kilipotoka ni hapa."

Akageuka, akainama. Mbele ya wakwe, mbele ya wazazi wangu, mbele ya mahari yote iliyojipanga, mwalimu wangu wa nidhamu aliinama akaonyesha dirisha la koti lake. Mzee akachukua mkia, akaweka kiraka penye tundu. Kikakaa barabara, kona kwa kona.

Bibi wa Sapiwi alianza kucheka. Alicheka akakaa chini, akacheka akiwa amekaa, akapiga ardhi kwa kiganja. "Bebe!" akaniita, yaani wewe. "Bebe, njoo hapa nikuone vizuri!" Wale vijana mashahidi wakaziba midomo, wakashindwa. Hata baba nilimsikia akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Mzee peke yake hakucheka. Alizilinganisha singa na kigutu, nyeupe kwa nyeupe. Akajaribu kubandua kiraka, hakikubanduka. Akajaribu kwa meno. "Gundi hii," akasema mwishowe, "tungeipata siku za nyuma, ndoa zingine zisingevunjika." Akamgeukia mama, akainamisha kichwa kidogo. "Mayu, mama wa watu, tusamehe. Macho yetu yalitangulia."

Mama akamsogezea bakuli. "Kula, bhabha. Macho ni ya kutazamia."

"Mtamba tunampokea," mzee akasema. "Na mkia wake tunaupokea. Wote."

"Bado!" Bibi alikuwa ananyooshwa na wale vijana, machozi yanamtoka. "Nzi je? Mpaka singa ziote, nani atamfukuzia nzi? Huyu huyu mume wangu mdogo." Kwetu bibi na mjukuu ni watani, naye alikuwa ameshanihesabu mjukuu kabla ng'ombe hawajaondoka. "Likizo yake anakuja Sapiwi. Atatembea nyuma ya mtamba na huo mkia mkononi. Nzi akitua, apige. Asipopiga, nitampiga yeye."

Wakapitisha hapohapo, hakuna aliyepinga. Kaka ndiye aliyekubali kwa sauti kubwa kuliko wote. Mwalimu alibakizwa kula, akala vizuri, ila alikula ameegemea ukuta na hakuondoka pale mpaka giza lilipoingia. Usiku huo nilisikia nailoni ikichanwa chumbani kwa kaka, taratibu, kama mtu anayemenya ndizi.

Jumapili baada ya misa nikampelekea Sista sentensi yake. Nilimweleza yote, nikamwonyesha mkia na kiraka chake. Alicheka, kisha akaacha kucheka nilipofika pale walipomtazama mama, akanishika bega. Nilipomaliza alisema, "Basi umeipata ile ya nne. Kwetu jambo likizaa mambo mengine nyuma yake, tunasema limeleta cola."

"Hiyo nimeshafundishwa, Sista. Na bibi mmoja wa Sapiwi, ambaye Kihispania hata hajakisikia."

"Kwa hiyo sasa unajua yote."

"Najua pia ya timu. Kesho naanza kushika mkia."

Jumatatu asubuhi mapema ng'ombe wakatolewa zizini. Kaka mbele, mstari katikati, mimi mwisho kabisa, na singa zangu zenye kiraka cha mwalimu. Mtamba akanigeukia akiwa anacheua, akaona ni mimi, akaendelea na mambo yake. Mama alinisindikiza mpaka langoni na michembe iliyofungwa kwenye kanga. Tangu Jumamosi hakuwa amenigombeza, na nilikuwa nimeanza kuogopa. Alininyooshea ukosi wa shati. Alimpapasa mtamba wake mgongoni, mara moja, palepale mzee alipompapasa. Kisha akaniambia, kwa Kisukuma, nami nakitafsiri hapa bila kuongeza chumvi, kwa mara ya kwanza katika kazi yangu ya ukalimani:

"Siku ukifundishwa neno jingine, uniambie kwanza, nikafunge zizi."